Suruali Isiyobana

Fundi hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiketi kula, mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga sakafu utadhani chini ya meza kuna cherehani nyingine, na mume wake alishazoea kumwekea mkono gotini na kumwambia, "Mama Pacha, zima mashine." Pacha wenyewe walikuwa wasichana wawili, sasa wameolewa na kuhamia mbali, na nyumba imebaki na watu wawili na suruali. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Ukifungua tu mlango wa barabarani unakutana na suruali zinaning'inia ukutani, suruali zimekunjwa kwenye benchi, suruali za mguu mmoja zinasubiri mguu wa pili. Mtaa mzima ulijua kwamba anayetaka suruali imkae vizuri aende kwa Fundi, na kwamba akienda asitegemee kupewa kiti, maana viti navyo vimevaa suruali.

Mume wake alifanya kazi kwenye mizani ya malori, kule barabara kuu. Ni kazi ya kukaa. Lori linapanda juu ya bamba la chuma, yeye ndani ya kibanda cha vioo anasoma namba, anagonga muhuri, lori linashuka, jingine linapanda. Hivyo asubuhi mpaka jioni. Chakula kinamfuata dirishani: leo viazi vya kukaanga, kesho nyama ya kukaanga, na soda kila siku, kwa sababu kibanda kina joto na soda ni baridi. Wenzake walimwita Bwana Mizani. Malori mangapi alikwishayarudisha yakapunguze mzigo, lakini yeye mwenyewe kupanda juu ya mizani hakutaka hata kusikia. Wala haikuwa kiburi. Alizijua mno.

"Mizani ni kama shahidi," alipenda kusema. "Inahongeka. Nimeshaona mizani imewekewa kigogo chini, ikaapa kwamba lori tupu limejaa."

Shahidi wake yeye alikuwa suruali. Mtu akimwambia amenenepa, anaingiza vidole viwili kiunoni, anavichezesha mbele yake. "Suruali ile ile, mwaka wa kumi na tano huu. Suruali haina betri, na hakuna wa kuihonga."

Maskini, suruali ilikuwa imehongwa siku nyingi.

Ilianza kwa huruma, kama mambo mengi yanayokuja kuwatoa watu machozi. Mwaka ambao suruali ilikuwa bado mpya, Bwana Mizani alifiwa na mama yake, akawa anakula bila njaa na bila kusikia ladha. Asubuhi moja kifungo kikakataa kufunga. Akakaa kitandani na suruali nusu wazi, mtu mzima, akasema, "Hata nguo sasa zimenikataa." Fundi hakuvumilia. Alipotoka mume wake, alichukua wembe, akafumua mshono wa nyuma, pale ambapo fundi mwenye akili huacha kitambaa cha akiba, akatoa nusu inchi, akashona, akapiga pasi. Kesho yake kifungo kikafunga bila ugomvi. Mume akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kwanza tangu msiba. Nani angelijutia?

Basi baada ya miezi akatoa nusu nyingine, safari hii kabla mume hajalalamika. Akiba ilipokwisha alitafuta kitambaa cha rangi ile ile, akashona suruali mpya pana zaidi, akaifua na kuianika mara nyingi mpaka ikapauka, akaitundika mahali pa ile ya zamani. Mkanda alimkataza kabisa, eti unaharibu kiuno cha nguo. Mashati alimshonea mapana tangu mwanzo. Watu wengine huwavika wenzao kilemba cha ukoka. Fundi alimvika mume wake suruali ya ukoka, akaishona kwa uzi mzuri.

Habari za mkono wake mwepesi zikamfikia na kaka wa mume, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mnene aliyekaa nyuma ya kaunta yake siku nzima na kucheka kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Akaanza kuleta zake. "Shemeji, hebu iangalie hapa kiunoni, sijui imefanyaje." Fundi anaiangalia. Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu, suruali inarudi kwa mwenyewe ikiwa na adabu.

Mwaka jana Kaka alianguka dukani. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, maneno yakawa mazito mdomoni, na duka likafungwa. Aliishi, tushukuru, lakini kile kicheko hakikurudi naye kutoka hospitali.

Haikupita miezi mingi, wauguzi wakafika kwenye mizani ya malori kuwapima wafanyakazi. Jioni hiyo Bwana Mizani alirudi nyumbani anacheka peke yake, cheko la mtu anayetaka kucheka kwanza asije akachekwa.

"Nesi mwenyewe mdogo, rika la pacha wetu," alisema huku akivua viatu na kuhema. "Ananifunga lile dude la mkononi, linajaa upepo, anaangalia, halafu ananifunga tena. Anasema presha ipo juu sana, na sukari nayo imeanza kuchungulia. Ananiuliza, 'Baba, tumbo limeanza kukua lini?' Mimi nikamwonyesha vidole viwili."

"Akasemaje?"

"Angesemaje? Nikamwambia, mwanangu, hii ni suruali ya miaka kumi na tano, mimi sijaongezeka hata kidogo. Presha ni ya ukoo, kaka yangu imemwangusha juzi tu. Akataka nipande mizani yake, nikamwambia mizani nazijua mimi." Akatoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya kabati. "Basi kanipa vidonge, nimeze kila siku, hata nikijisikia mzima. Chumvi nipunguze, vya kukaanga na soda niache, nitembee kila siku, angalau nusu saa. Anasema mtu akipunguza hata kilo chache, moyo unapumua, figo zinapumzika, mishipa ya kichwani haipasuki. Nikamwambia hayo kawaambie walionenepa."

Mguu wa Fundi ulisimama. Nesi alikuwa na mashine yake, lakini Fundi alikuwa na hesabu ambayo nesi hakuipata: inchi saba. Inchi saba za mume wake alikuwa amezificha, nusu kwa nusu, ndani ya mshono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mwenye maradhi hakuficha kitu. Alifichiwa, na aliyemfichia alikuwa anamwandalia chakula.

Kusema alishindwa. Kila alipofungua mdomo, maneno yalitoka mengine: habari za maji, habari za bei ya uzi. Utamwambiaje mtu kwamba kicheko chake cha miaka kumi na tano ulikishona wewe? Ndipo akili yake isiyotulia ikamletea njia ya mkato. Kama mkono ndio ulioharibu, mkono utatengeneza. Akachukua suruali zote za mume wake, akazipunguza nusu inchi kila moja, akazirudisha kabatini zimekunjwa vizuri.

"Mama Pacha," mume aliita asubuhi, "hii sabuni mpya?"

"Ni ile ile."

"Mbona suruali imerudi?" Akavaa ya pili. Akavaa ya tatu. Fundi alijifanya anatafuta sindano sakafuni, hakuweza kumtazama. Vidole viwili vilikataa kuingia; kidole kimoja kiliingia kwa kusukumwa. Bwana Mizani alikaa kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe yule mtoto alisema kweli."

Siku hiyo alimeza kidonge mbele ya mke wake na kwenda kazini kwa miguu. Shahidi wake amesema, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na shahidi wake. Soda ikaondoka. Viazi vya dirishani akawaachia wenzake. Akaanza kubeba chakula cha nyumbani, mboga nyingi, chumvi ya kuonja tu, na maji kwenye chupa. Akawa anatoka mapema, anakwenda hatua za mtu anayedaiwa, anarudi shati limelowa. Wiki za kwanza alinuna na kulalamikia magoti. Halafu magoti yakanyamaza.

Jicho la fundi halihitaji tepu. Fundi aliona shingo ikijitokeza kwenye kola. Aliona mume wake akiinama kufunga kamba za viatu bila kukata pumzi katikati. Hata kukoroma kulipungua, akawa anamsikia anavyopumua. Alifurahi, akatamani kuimba, na hapo hapo hofu ikamshika. Suruali ikianza kulegea je? Si atachezesha vidole viwili tena, arudi kwenye viazi? Akiona mwenzake anajinyima, moyo ulimtuma amsaidie asirudi nyuma. Akapunguza nusu inchi nyingine. Baada ya wiki kadhaa, nyingine. Hofu ni fundi mbaya, haijui kuacha akiba.

Kwa hiyo mtu akawa anapungua na suruali inapungua naye. Kila asubuhi Bwana Mizani alivaa, akavuta pumzi, akafunga kifungo kwa shida, akajitazama chini na kutikisa kichwa. Alikuwa amejiapiza kwamba kwa nesi atarudi siku vidole viwili vitakapoingia. Tarehe ya kurudi ikafika. Vidole havikuingia, na yeye hakwenda.

"Lakini umepungua, Baba Pacha," Fundi alimwambia. "Hata shingo naiona."

"Unanifariji tu, mke wangu. Wewe una huruma. Suruali haina."

Fundi akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara tatu. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na alijua, na hakusema.

Kisha ikaja alasiri moja ambayo pikipiki ya kukodi ilisimama mlangoni, na Bwana Mizani akashuka. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta, na kwapani chupa ya soda. Aliingia, akauweka mfuko juu ya kitambaa cha mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akaanza kula amesimama.

"Nimeacha," alisema.

"Umeacha nini?"

"Vyote. Kutembea, majani, kujinyima. Na vidonge."

"Vidonge umeacha leo?"

"Wiki ya pili sasa."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Baba Pacha! Nesi si alisema hata ukijisikia mzima—"

"Vidonge vya nini?" Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. "Nimetembea mpaka soli zimekwisha. Nimekaa kwenye kile kibanda nanusa nyama za watu. Miezi yote hiyo, na suruali inanibana kuliko siku ya kwanza. Mwili umeshaamua, mke wangu. Njia aliyopita Kaka ndiyo yangu. Acha basi niende nimeshiba."

Fundi alizunguka chumba. Alichukua mkasi, akauweka. Alichukua chaki, akaiweka. Akilini alimwona Kaka kwenye kiti chake, mkono umelala pajani, halafu akamwona mume wake kwenye kiti hicho hicho. Akachukua wembe.

"Vua suruali."

"Mchana huu?" Hata katika kukata tamaa kwake utani ulimtoka. "Mlango upo wazi, mama."

"Nimesema vua!"

Alivua, akabaki na bukta, kipande cha kiazi mkononi. Fundi akaigeuza suruali nje ndani, akafumua mshono wa nyuma kuanzia kiunoni, akakitandaza kitambaa mezani, chini ya taa ya cherehani. Kitambaa husahau uzi, lakini tundu za sindano hubaki. Zilikuwa pale, mstari pembeni ya mstari, kama mistari ya daftari la shule.

"Hii ni mimi," alisema. Akaendelea hapo hapo, maana alijua akinyamaza hatarudi tena hapa. "Hii niliitoa nusu inchi. Hii nusu nyingine. Na kabla ya suruali hii kulikuwa na nyingine, na kabla ya hiyo nyingine. Hakuna suruali ya miaka kumi na tano, Baba Pacha. Ulikuwa unaongezeka na mimi natanua."

Mume aliweka kiazi chini. Aliinama, akapitisha kidole juu ya tundu, polepole, kama anavyosoma namba zake kazini. "Na hii inayorudi ndani?"

"Ni tangu ulipopimwa. Nilianza kupunguza ili ushtuke. Ukashtuka. Ukapungua kweli. Nikaogopa ukiona zimelegea utaacha, nikaendelea kupunguza."

"Kwa hiyo nilikuwa napungua."

"Ulikuwa unapungua. Umeacha vidonge kwa sababu ya mkono wangu."

Fundi alisubiri apige meza, na alitamani apige. "Kikulacho ki nguoni mwako," hatimaye alisema. "Nilikuwa nasikia watu wakisema tu. Nimemdanganya yule binti kwa mdomo wangu, nimemwambia sijaongezeka, yeye anatafuta kuniponya, mimi namwonyesha vidole."

"Nilikuonea huruma."

"Huruma!" Akageuka kwenda mlangoni, akarudi. Kisha akasimama, na uso wake ukabadilika. "Za Kaka je?"

Fundi akaanza kuikunja ile suruali iliyofumuliwa.

"Nakuuliza, Mama Pacha. Suruali za Kaka nani alikuwa anaziangalia?"

"Mimi," alisema Fundi.

Bwana Mizani alinyosha mkono ukutani, akavuta suruali ya kwanza iliyomjia, akaivaa, akafunga kifungo na kutoka. Ilikuwa ya mteja, mwalimu wa jirani, mtu wa kiuno cha kawaida. Imemkaa na nafasi imebaki. Yeye kwa hasira zake hakuona alichokivaa. Fundi ndiye aliyeona, na akamfuata.

"Twende ukamwambie mwenyewe," mume alisema bila kugeuka.

Walipita nyuma ya maduka, wakavuka daraja la mtaro, wakapanda barabara ya mawe. Bwana Mizani alikwenda mbele, hatua ndefu, pumzi yake imetulia. Mke wake alitweta nyuma, mbavu zinamchoma, miguu iliyokaa kwenye cherehani maisha yake yote ikimwomba apumzike. Hakuomba asubiriwe. Aliona ni haki yake kuchoka.

Kaka alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, karibu na dirisha. Mke wake alikuwa anakunja nguo, akawakaribisha, akaziona nyuso zao, akaacha kukunja. Fundi hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama mbele ya mgonjwa, mikono ikivutana vidole: kwamba suruali zake hazikuwa zimefanya kitu chochote, kwamba alizitanua miaka yote ile, kwamba kama angesema hata mara moja, huenda Kaka angeshtuka, angepimwa mapema, na leo angekuwa dukani kwake.

"Nisamehe, Shemeji," alimaliza. "Sikukuua, lakini sikukwambia."

Kaka alimtazama. Kisha mdomo wake ukaanza kulitafuta neno, na wote wakalisubiri, kama walivyozoea sasa kumsubiri.

"Nilijua," alisema.

Akapumzika. Mkono wake mzima ulikuwa unausugua ule mwingine.

"Kulikuwa na fundi wa sokoni. Kabla yako." Kila neno alilivuta kama mzigo. "Siku moja akaniambia, mzee, suruali haijafanya kitu, wewe ndiye umeongezeka, nenda ukapimwe." Alifumba macho. "Nikamhama. Nikaja kwako."

Mke wa Kaka aligeukia ukuta. Fundi aliketi sakafuni, akalia kwa sauti, kilio cha aibu na uchungu vilivyochanganyika asijue kipi ni kipi. Bwana Mizani alikuwa amekuja na hasira ya kutosha nyumba mbili, na sasa hakujua aiweke wapi. Aliutazama ule mkono uliolala pajani kwa kaka yake. Aliutazama mpaka akakumbuka vidole vyake viwili mbele ya nesi, akaona haya. Halafu akamwinua mke wake kwa kiwiko.

"Simama, Mama Pacha," alisema. "Turudi. Vidonge vipo nyumbani, na jioni imeshaingia."